Uzi: Simu ya bei nafuu, na bando je?

1/ Kila msimu wa Mswada wa Fedha ugomvi ni ule ule. Mmoja anasimama jukwaani anasema kodi ya simu inamuumiza mwananchi wa chini. Mwingine anamjibu kwamba siku hizi simu zinaundwa hapa hapa nyumbani, kwa hivyo kodi inalinda kazi za vijana. Watu wanapiga makofi, klipu inasambaa. Mimi nikitazama hizo klipu huwa nangoja ni nani atataja bando. Mara nyingi mjadala unaisha hakuna aliyetaja.

Kama kawaida ya nyuzi hizi: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja.

2/ Hoja yangu niiweke mapema ili mkitaka kubishana mbishane nayo: bei ya simu ndiyo sehemu ndogo ya gharama ya kuwa mtandaoni. Sehemu kubwa ni data. Halafu hivi vitu viwili havitengani, kwa sababu simu unayochagua ndiyo inaamua bando lako litaisha haraka kiasi gani. Anayekuahidi simu ya bei rahisi bila kusema chochote kuhusu data amekupa jembe bila shamba.

3/ Hesabu. Sema umenunua simu ya Sh9,000 na unategemea ikae miaka miwili. Wewe ni mtu wa bando la Sh50 kwa siku. Siku 730 mara 50 ni Sh36,500. Ukijumlisha na simu ni Sh45,500. Maana yake katika kila Sh100 uliyotumia, simu ni Sh20 tu hivi. Zile 80 zingine ni data.

Wewe ni wa Sh20 kwa siku? Sawa, ni Sh14,600 kwa miaka miwili. Bado bando limeipita simu.

Kwa hivyo mtu akisema atashusha bei ya simu kwa Sh1,000, amekuokolea bando la siku 20, kama ni lile la Sh50. Si vibaya. Lakini tujue ni siku 20 tunazozungumzia, si maisha mapya.

4/ Sasa kodi ya data, maana hapa ndipo watu hudanganywa sana, na pande zote.

Data ya intaneti ilianza kutozwa ushuru wa bidhaa kupitia Sheria ya Fedha ya 2018, kiwango cha 15%. Julai 2021 ukapanda hadi 20%. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha 15%. Mswada wa 2024 ulitaka kuupandisha tena hadi 20%, lakini mswada wote uliondolewa Juni 2024 baada ya yale maandamano. Panda, shuka, panda. Kumbuka hiyo historia mtu akikuambia kodi hii "imekuwepo tangu zamani".

5/ Watu wengi hawajui kwamba VAT ya 16% haihesabiwi pembeni. Inahesabiwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru wa bidhaa ndani yake. Kodi juu ya kodi.

Chukua bando la Sh100. Kampuni inabaki na kama Sh75. Ushuru wa bidhaa ni kama Sh11, VAT ni kama Sh14. Robo ya bando lako imeenda kwa serikali kabla hujafungua hata WhatsApp.

Kiwango kikiwa 20%, kampuni ingebaki na kama Sh72 na serikali Sh28. Tofauti ni shilingi tatu kwa kila mia.

6/ Shilingi tatu. Mpinzani wa kodi anaipigia kelele kana kwamba ni nusu ya bei, na mtetezi anasema "ni kitu kidogo tu". Wote wawili wanatumia hiyo tatu vile wanavyotaka. Kwangu mimi swali gumu si hiyo tatu ya kupanda na kushuka, ni zile 25 ambazo hakuna anayezigusa, awe serikalini au upinzani.

Na tuwe wakweli upande wa pili pia. Kodi ya data ni rahisi kukusanya: kampuni ni chache, hakuna kufukuzana na wafanyabiashara elfu moja sokoni. Pesa hiyo inalipa walimu na dawa. Pia kodi ikishuka, kampuni ndiyo inayoamua kama itashusha bei, itaongeza MB, au itabaki na tofauti mfukoni. Kwa hivyo anayeahidi kupunguza kodi mwulize swali moja zaidi: nitajuaje kwamba imenifikia mimi?

7/ Kodi ya simu yenyewe nayo ina hadithi yake. Mwaka 2009 serikali iliziondolea simu VAT, na simu zikawa rahisi kuingia mikononi mwa watu. Sheria ya VAT ya 2013 ikairudisha ile 16%. Halafu 2022 ukaja ushuru wa bidhaa wa 10% kwa simu zinazotoka nje.

Simu ikifika bandarini ikiwa na thamani ya Sh8,000, weka 10%, inakuwa Sh8,800. Weka VAT juu yake, inakuwa Sh10,208. Hapo sijahesabu ada za uingizaji mizigo, ushuru wa reli, wala faida ya mwenye duka pale Luthuli. Kwa hivyo anayesema kodi inaongeza bei ya simu hasemi uongo.

8/ Na upande wa "tuunde hapa"? Kiwanda cha Athi River kilifunguliwa Oktoba 2023 na simu zake za kwanza zilikuja na bei ya chini ya Sh10,000. Ile 10% inalenga simu zilizoingizwa kutoka nje, kwa hivyo ya hapa inapata nafuu. Hiyo ni hoja halali. Lakini tunachofanya pale ni kuunganisha. Chipu na skrini bado vinatoka nje, kwa hivyo shilingi ikianguka dhidi ya dola, bei ya hiyo simu "yetu" inasikia pia.

9/ Kuna mtu ataniuliza: kama data ndiyo gharama kubwa, mbona watu wengi bado wako na kabambe?

Ni swali zuri, na ndilo linalonizuia kusema bei ya simu haina maana. Sh36,500 ya data huilipi siku moja, unailipa hamsini hamsini. Sh9,000 ya simu inatakiwa leo, yote, mkononi. Mamangu mdogo anauza mboga. Hamsini kwa siku anaipata hata siku mbaya. Elfu tisa kwa mkupuo, ile siku amelipa karo na kodi ya nyumba, haipo. Mulika mwizi yake anajua fika ni kizuizi, hahitaji kuelimishwa na mimi wala na mgombea yeyote.

10/ Ndiyo maana mkopo wa simu umekuwa mkubwa hivi. Mwaka 2020 ilikuja ile ya kulipa Sh20 kwa siku, na sasa kuna watoaji wengi. Siipingi. Lakini fanya hesabu kabla ya kuweka sahihi.

Mfano wa kujifunzia tu: simu inayouzwa Sh11,000 taslimu. Kwa mkopo unaambiwa malipo ya kwanza Sh2,500, halafu Sh55 kila siku kwa mwaka. 55 mara 365 ni Sh20,075. Ongeza ile 2,500, ni Sh22,575. Umenunua simu mbili ukabeba moja. Na ukikosa kulipa, simu inajifunga, pamoja na namba za wateja wako ndani.

Uliza mambo mawili dukani: jumla ya yote ni pesa ngapi, na nikilipa mapema napunguziwa? Muuzaji akianza kurudia tu "ni hamsini na tano kwa siku", ondoka.

11/ Tuje kwa bei ya data yenyewe. Ukisikia kwenye mdahalo "GB moja Kenya ni shilingi kadhaa", swali la kwanza ni: GB ya bando gani?

Bando la saa moja, la mpaka saa sita usiku, la wiki na lile lisiloisha muda si bidhaa moja. Tuweke bei za mfano (za kweli zinabadilika kila mara, angalia kwenye menyu ya laini yako). Bando A: GB 1 kwa saa moja, Sh20. Bando B: MB 400 zisizoisha muda, Sh100. Kwa karatasi, A ni Sh20 kwa GB na B ni Sh250 kwa GB. Mwanasiasa anayesifu atataja A. Anayelaumu atataja B. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekuambia ukweli.

12/ Ukweli uko kwa matumizi yako. Kwa bei hizo, MB 80 za bando B zinagharimu Sh20, sawa na bando A lote. Kwa hivyo kama ndani ya saa moja utatumia zaidi ya MB 80, yaani unatazama video au unapakua notisi za darasa, A inakufaa. Kama wewe ni wa jumbe na M-Pesa, unachungulia simu mara thelathini kwa siku, dakika mbili mbili, basi A inakuibia. MB zako zitafia ndani ya saa na utanunua tena jioni.

Mtu wa boda ni wa namna hiyo. Muuza duka pia. Mwanafunzi aliyejifungia na YouTube siye. Ndiyo maana napinga takwimu moja ya "bei ya GB" kutumika kama ushahidi kwamba data imeshuka. Imeshuka kwa nani?

Ukikwama kabisa na ukakopa, Okoa Jahazi inakata 10% juu. Sh100 inakuwa Sh90 mkononi, kabla hujaanza kununua bando lenyewe.

13/ Sasa simu gani? Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu watu huuliza kamera na betri halafu wanaumia kwa vitu ambavyo hawakuuliza.

Cha kwanza, masafa ya 4G. 4G si kitu kimoja. Kampuni za hapa zinatumia bendi tofauti, na muhimu sana ukitoka mjini ni bendi ya 20, ile ya 800 MHz. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri, kwa hivyo ndiyo yanayofika kijijini ambako mnara uko kilomita kadhaa. Bendi ya 3, ya 1800 MHz, inafanya kazi nzuri mjini.

Binamu yangu alinunua simu ya mtumba, kioo kizuri, kamera kali, Sh14,000. Nairobi ilikuwa moto. Akirudi nyumbani Vihiga inashuka hadi 3G, wakati kabambe ya kisasa ya jirani inashika 4G kwenye laini ile ile. Ilikuwa imeundwa kwa soko la Marekani, na haikuwa na bendi ya 20. Duka halikumwambia, pengine hata lenyewe halikujua. Kwa hivyo ukinunua ex-UK au simu iliyotoka Marekani, fungua mipangilio, angalia namba kamili ya modeli, halafu itafute kwenye GSMArena uone orodha ya bendi. Dakika tatu tu, hapo hapo dukani, kabla ya pesa kutoka.

14/ Cha pili, memori. Simu ya GB 32 inasikika kubwa mpaka ukumbuke mfumo wenyewe umeshajikatia kipande kikubwa. WhatsApp na picha za vikundi vya familia zinamaliza kilichobaki. Ikijaa unafuta programu, wiki ijayo unazihitaji, unapakua tena. Hiyo ni data. RAM ikiwa GB 2, ukitoka kwenye ukurasa ujibu ujumbe, ukirudi ukurasa unajipakia upya. Hiyo ni data pia. Hivi ndivyo simu ya Sh2,000 pungufu inavyokula bando la Sh2,000 zaidi bila wewe kuona risiti.

Kama pesa inaruhusu, RAM GB 4 na nafasi GB 64. Kama hairuhusu, tafuta yenye Android Go, ambayo ni toleo jepesi la simu ndogo, na uhakikishe ina mahali pa kadi ya memori.

15/ Cha tatu, laini mbili. Watu wanaona ni jambo la wafanyabiashara, mimi naona ni silaha ya mnunuzi. Kuhama mtandao na namba yako kumeruhusiwa hapa tangu 2011, lakini wachache huhama, kwa sababu M-Pesa iko upande mmoja na marafiki wako upande huo huo. Simu ya laini mbili inakuruhusu kubaki na namba yako na kununua data popote ilipo rahisi leo.

5G? Ipo, ilianza kuuzwa kwa umma Oktoba 2022. Lakini kama unaongeza Sh8,000 ili upate alama ya 5G juu ya skrini, na unakoishi hakuna mnara wake, umenunua pambo. Tena ukiipata, video zinajipandisha ubora zenyewe na bando linayeyuka.

Toleo la Android nalo lisiwe la zamani. WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Simu ya mtumba ya Sh3,000 inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikufae.

16/ Haraka haraka, mipangilio ya kufanya leo usiku: zima upakuaji wa picha na video kiotomatiki kwenye WhatsApp. Weka programu zijisasishe kwenye Wi-Fi pekee. Washa kiokoa data. YouTube iteremshe hadi 480p au chini: kwa kadirio, saa moja ya 480p hula nusu GB hivi, na 1080p inaweza kupita GB moja na nusu. Kwenye kioo cha inchi sita tofauti utaiona kwa shida.

17/ Mbona basi mambo ya bando yawe siasa? Si kila mtu ajipange tu?

Ningekubali kama intaneti ingekuwa burudani. Lakini tangu 2023 serikali imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni. Mswada wa Fedha wenyewe, ule tunaoambiwa tutoe maoni juu yake chini ya kifungu cha 118 cha Katiba, unatolewa kama faili ya PDF ya kurasa nyingi. Kuusoma tu unahitaji data na skrini inayosomeka. Mwenye kabambe anabaki na *147# kwa mambo ya bima ya afya, na kwa mengine mengi anamlipa kijana wa cyber.

Kwa maoni yangu, ukihamisha ofisi ya umma kwenda kwenye simu, halafu ukatoza robo ya kila bando la kufika kwenye ofisi hiyo, una deni la maelezo. Sisemi kodi iondolewe yote. Nasema kwa mfano tovuti za serikali zingeweza kufunguka bila kukata bando. Hilo halihitaji kiwanda.

18/ Na kuna pesa ambayo haitajwi jukwaani. Kampuni za mawasiliano hutoa 0.5% ya mapato yao ghafi kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kazi yake ni kupeleka mtandao mahali ambapo biashara pekee haingeupeleka. Pembeni yake kuna ahadi ya serikali ya vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure na kilomita 100,000 za nyaya za faiba.

Mgombea akija sokoni kwenu na ahadi ya simu, mwulize: hapa tuliposimama, kituo chetu cha Wi-Fi kiko wapi, kinafanya kazi saa ngapi hadi saa ngapi, na kata hii imeguswa na hiyo Hazina mara ngapi? Akikujibu kwa namba, andika hiyo namba na tarehe. Akianza tena kuelezea kamera ya simu atakayoleta, rekodi klipu uiweke hapa tuitazame wote. Kwa 480p.